Mama Chupa

Joho la gunia lilinifika kwenye vifundo vya miguu, limepakwa kinyesi cha paa kuficha harufu ya mtu. Siku ya kwanza nililivaa huku nimebana pua. Leo nimezeeka, na harufu ile naitamani kama mtu anavyotamani kwao.

Kituoni tulizalisha paa, aina iliyokuwa imebaki kiduchu msituni, ili watoto wao warudishwe porini. Mimi niliwanyonyesha kwa chupa wale waliokataliwa na mama zao. Ndiyo maana wenzangu wakaniita Mama Chupa. Sharti lilikuwa moja: uso ufunikwe, mdomo ufungwe.

"Akikuzoea wewe, amezoea watu wote," daktari wa wanyama alituonya. "Na mwindaji naye ni mtu."

Basi akazaliwa jike mmoja, miguu kama njiti za kiberiti. Mama yake akamsukuma, naye akaigomea chupa. Siku ya tatu shingo ilimlegea mapajani mwangu, na kabla sijajizuia nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Haya, mwanangu, kidogo tu."

Masikio yakainuka. Akanyonya.

Tangu hapo kila asubuhi nilimnong'oneza maneno yaleyale. Siri ikakaa kifuani mwangu raha mustarehe, hadi siku ya kumfungulia. Lango lilikuwa wazi, msitu uko ng'ambo, nami nikamgeukia daktari.

"Daktari, nilikuwa nasema naye."

"Tangu lini?"

"Tangu akiwa wa siku tatu."

Hakunifokea, afadhali angefoka. "Vua joho, mama. Mwite. Akikujia, hatoki humu maisha yake yote."

Nikajikuta naomba asinijue, mimi niliyekuwa nikijivunia kwamba ananijua. "Haya, mwanangu..."

Alisimama. Masikio yakanigeukia, pua ikachezacheza, mguu mmoja wa mbele ukainuka. Ukabaki hewani, sijui kwa muda gani. Kisha akapuliza pua kwa hofu, akaruka langoni, akapotelea vichakani.

Mkata majani wetu akaangua kicheko. "Mama Chupa, umekanwa hadharani!"

"Na anikane," nikasema. "Anikane kabisa."

Wenzangu wakaondoka. Mimi nilibaki nikitazama majani yakitikisika, mbali kidogo, halafu mbali zaidi, hata nisiweze tena kujua kama ni yeye au ni upepo.