Tangazo Kwenye Ukurasa wa Mpira

Sijisifu bure: kwenye kazi ya kuchagua matangazo yakae wapi mtandaoni, ofisini kwetu hakuna anayenifikia. Wenzangu wanaiachia kompyuta iamue, wao wanakunywa chai. Mimi hufungua kila tovuti, nikasoma hadi maoni ya wasomaji chini kabisa, maana tangazo zuri likikaa mahali pabaya ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mteja alikuwa daktari wa masikio, mama mmoja mwenye duka dogo la vifaa vya kusaidia kusikia. Kompyuta ilimwekea matangazo kwenye tovuti za afya na za muziki. Wiki tatu, hakuja hata mtu mmoja. Akamwambia bosi wetu kwamba ya nne ikipita hivyo hivyo, anaondoka. Bosi akanikabidhi kazi hiyo kwa jicho la "si unajifanya mjuzi". Haya.

Jumamosi nilikwenda kwa wazazi. Baba, fundi seremala aliyezeekea kwenye msumeno wa umeme, alikuwa anaangalia mechi kwenye televisheni. Mkononi alishika simu, kwenye tovuti inayoandika mechi dakika kwa dakika.

"Baba, mpira si unauona hapo? Unasoma nini tena?"

"Huyu mtangazaji anabwabwaja tu. Hawa wanaoandika ndio wanaojua mpira."

Mama alinikonyeza ninyamaze. Kwetu masikio ya baba hayatajwi. Ukiyataja anakuwa mbogo. Nikafungua tovuti ile kwenye simu yangu, nikashuka kwenye maoni. Wazee watupu! "Watangazaji wa siku hizi wanameza maneno." "Televisheni za sasa hazina sauti." Nilicheka mpaka mama akanikanyaga mguu. Wote hao walikuwa wateja wa daktari na hawajijui.

Jumatatu bosi akakataa. "Ukurasa wa mpira? Huko ni vijana na kubeti."

"Umesoma maoni yao?"

"Nani anasoma maoni?"

"Mimi. Ikishindikana, kazi hii mpe mwingine, na mimi nitafute pa kwenda."

Bosi akakubali kwa shingo upande. Nililiweka tangazo katikati ya maelezo ya mechi ya Jumatano, kwa herufi kubwa: "Mtangazaji hamezi maneno. Njoo upimwe." Baba nilimwandikia ujumbe: "Leo kazi yangu iko kwenye ukurasa wako." Hakujibu. Nikajua amenuna.

Alhamisi asubuhi daktari akapiga simu. Bosi akaiweka kwenye spika.

"Jamani, viti vimekwisha! Wazee wamejaa hadi mlangoni, na kila mmoja anasema amemsindikiza mwenzake. Ila yuko fundi seremala mmoja, huyo kasema wazi ni masikio yake. Tangu afike anamwonyesha kila mtu simu, anapiga kelele mpaka ng'ambo ya barabara wanasikia: 'Hapa pamechaguliwa na binti yangu! Huyo anajua sisi tunakaa wapi!'"

Bosi alinitazama. Nilikuwa na maneno yangu tayari ya kumkomesha, lakini nikayaacha. Miaka yote hiyo baba hakuwahi kumkubalia hata mama kwamba hasikii vizuri. Sasa alikuwa kwenye foleni ya wasiosikia, mbele za watu, anajivunia mtoto wake.

Nikachukua mkoba, nikamwambia bosi kwamba asubuhi ile sitakuwepo. Nilitaka kumkuta baba kabla zamu yake haijafika, nisimame pembeni yake.