Thelathini Wasio na Dalili

Mdogo wangu ni daktari wa njia ya mkojo na tezi dume. Ni mtafiti pia, yaani huchungulia pale wenzake wanapoona aibu, kisha anaandika. Makala yake ilipotoka kwenye jarida kubwa, aliniletea nakala mwenyewe. Kwenye jedwali la pili walikuwamo wanaume thelathini wasio na dalili yoyote. Mmoja wao mimi, fundi bomba mstaafu, niliyekuwa nimetoka kusimama chooni nusu saa nikibembeleza matone. Nikampongeza.

Nilidanganya, sina haja ya kumung'unya maneno. Aliyenisomea dodoso alikuwa muuguzi wa utafiti, na muuguzi huyo ni mke wa mwanangu. Kaniita baba, kakaa wima na kalamu yake, kaniuliza usiku naamka mara ngapi kwenda haja ndogo, na mkojo unatoka kwa nguvu au unakatika. Sasa mkwe unamjibuje? Nikamwambia nalala fofofo, na presha iko juu kama bomba nililofunga kwa mkono wangu. Akacheka kwa adabu, akaweka alama. Mwaka uliofuata akarudi na maswali yaleyale, nami sikubadilisha hata neno. Uongo ukishatimiza mwaka, mtu anauzoea kama kiatu.

Wenye dalili walitolewa damu kupimwa saratani ya tezi dume. Sisi wazima tukaagwa. Makala ikasema, kwa kuwa mwaka umepita bila hata mmoja wetu kulalamika, maswali yale peke yake yanatosha kumjua mwanamume asiyehitaji kipimo, na mwezi uliofuata zahanati zote za mji zilikuwa zianze kuyatumia.

Kabla mwezi haujaisha, mkojo wangu uligoma kabisa. Nikalazwa, nikawekwa mpira wa mkojo, wakakata kinyama cha kupima. Majibu alikuja kunisomea mdogo wangu, amesimama, kwa ile sauti anayowatunzia watu baki. Saratani ya tezi dume, imeshahamia mifupa ya nyonga. Nilingoja nishtuke. Sikushtuka. Nilitazama sinki la wodini. Koki ilikuwa ikivuja, nikawaza mpira wake wa ndani umelika.

"Kaka, ulisema huna tatizo," akasema.

"Nilimwambia mkwe wangu."

Akakaa. Akauliza kama wale wengine nao walihojiwa na binti huyo. Wote, nikamwambia, na wengi ni wenzangu wa benchi la nje ya duka la vipuri, wazee waliocheza ngoma siku ya harusi yake. Tulikuwa tukitoka kuhojiwa tunachekana, nani kampiga kamba zaidi. Fundi saa ndiye bingwa: huyo huamka mara sita, na kajiandikisha sifuri.

Mdogo wangu aliinamia viatu vyake. Kamati ya uprofesa ilikuwa ikae wiki ile, na makala hiyo ndiyo nguzo yake. Akasema polepole kwamba inawezekana kuniondoa mimi tu. Jedwali la watu ishirini na tisa bado linasimama.

"Linasimama," nikamwambia. "Wao je?"

Akafungua kompyuta mapajani, akamwandikia mhariri kwamba anaiondoa makala yote. Alinisomea barua. Kwenye sababu alikuwa ameandika kwamba muuguzi alihoji visivyo. Nikamwambia afute. Binti aliuliza sawasawa. Aliyekosea ni aliyemtuma kuwauliza wakwe zake mambo ya chooni. Akanitazama kama zamani nilipokuwa nikimnyang'anya mpira, akafuta, akaandika kosa ni lake. Akatuma. Muuguzi wa zamu akapita na toroli la dawa.

Halafu akanipa simu yake, akasema hao ishirini na tisa watolewe damu wiki hii hii, na wakiitwa na daktari watakimbia. Waite wewe.

Nikaanza na fundi saa. Akaniuliza kama nimeshaoa nesi huko. Nikamwambia aje apimwe. Akasema ana saa tatu mezani za watu wenye haraka, atakuja mwisho wa mwezi.

"Njoo kesho," nikasema. "Mimi nimechelewa."

Upande wa pili nikasikia saa zake tu. Kisha akauliza aje bila kunywa chai au kunywa haina neno. Nikaziba simu kwa kiganja, nikamuuliza mdogo wangu.