Kitatange wa Iddy

Siku chache kabla ya arobaini ya Iddy, dada yake Hajira alisafisha nyumba nzima mpaka akalifikia tangi la samaki. Biasha, mjane wa Iddy, alikuwa chumbani akiswali adhuhuri. Alipotoka, kioo kiling'aa, na mawe yaliyokuwa na utando wa kijani yalikuwa meupe kama mifupa.

“Umefanya nini, wifi?”

“Nimekuondolea uvundo. Yale maji hata kutawadhia hayafai! Mawe nimeyasugua kwa majivu, nikayasuuza kwa maji ya kisima. Usihofu, nimetia maji ya bahari yaliyokuwa kwenye madumu yako stoo.”

“Yote?”

“Ningebakisha ya kupikia mchuzi?”

Biasha hakucheka. Iddy alimfundisha: kila wiki mbili toa sehemu moja ya tano, tia mpya, basi. Kwenye mawe huishi vijidudu visivyoonekana, navyo hula sumu ya mkojo wa samaki. Vikifa, maji hubadilishwa kidogo kidogo kila siku mpaka vizaliwe vingine. Na ya kubadilishia hayakuwepo tena.

Nguo za marehemu zilikwisha kugawiwa, pikipiki ilichukuliwa na kaka yake. Kitatange, samaki pekee wa tangi lile, hakuna aliyemtaka. Iddy alimleta kutoka baharini akiwa mdogo kama kucha.

Nyamisati, mto unapoingia baharini, ni mwendo wa pikipiki tu, lakini Biasha alikuwa kwenye eda, hatoki. Alimtuma Mudrick wa bodaboda, rafiki wa marehemu.

“Chota maji yakijaa, shemeji. Yakipwa, usichote.”

Kesho yake Mudrick alirudi mapema, kalowa chapachapa. Biasha alichovya kidole kwenye dumu, akaonja. Mto ulikuwa umefurika kwa masika. Maji yalikuwa matamu.

“Nilikuta yanapwa,” Mudrick alisema. “Ningesubiri mpaka magharibi, shemeji, na mvua ile?”

“Si utie chumvi ya jikoni?” Hajira aliuliza, sauti imepungua.

“Bahari ina chumvi za aina nyingi, wifi. Ya jikoni ni moja tu.”

Mvua haikukatika, na njia ya Nyamisati haikupitika tena. Siku ya arobaini kitatange alikuwa juu ya maji, mashavu yakihema. Wageni walisifu tangi lilivyotakata. Kabla pilau haijapakuliwa, alilala ubavu, akatulia.

Biasha alichomoa waya wa pampu ya hewa ya tangi. Mlio wa mapovu ukakatika, na wanawake sebuleni, waliokuwa wakipaza sauti ili wasikilizane, wakanyamaza wote.