Kungoja kwa Adabu

Riwaya yenyewe ilikuwa na kurasa mia tano na kumi na mbili, na hadi ukurasa wa mia tatu hakuna mtu aliyekuwa amemwambia mwenzake kwamba anampenda. Mimi ni nesi wa wodi ya figo, sina subira ya namna hiyo. Ningeshaitupa zamani, ila haikuwa yangu. Ilikuwa ya Méthode.

Méthode ni Mrundi. Anaendesha forklifti kwenye ghala moja la Fort Worth, na siku ambazo hayuko kazini anasoma chuo. Tulijuana kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu Aurore. Aliposikia nimesoma kwa Kiingereza tangu chekechea kule Chuka, aliniomba nimsaidie na kitabu walichopewa darasani, cha enzi za Malkia Viktoria. Basi kila Jumamosi asubuhi tukawa tunakutana maktaba ya Mansfield. Kitabu kilimhusu dada mmoja mshona kofia aliyempenda fundi wa saa. Fundi naye alimpenda, na wote wawili walikuwa na adabu hadi wanakera.

"Si amuulize tu!" nilisema siku moja, mpaka mama wa maktaba akanikata jicho. "Wanakunywa chai, chapter baada ya chapter! Kwani huyu jamaa ana shida gani?"

"Ana heshima," Méthode akasema taratibu, kama kawaida yake. "Mwanaume wa kweli hamrukii binti wa watu. Anapitia kwa wakubwa wake."

"Na wakubwa wakinyamaza?"

"Anangoja."

Nilimcheka. Ukweli ni kwamba kufikia hapo nilikuwa nimekwisha, sijiwezi. Nilipenda anavyofuata mistari kwa kidole, na anavyowakasirikia watu wa kitabuni kana kwamba ni majirani zake. Nikajiambia, kitabu kikiisha atasema.

Zilipobaki kurasa arobaini, aliniandikia ujumbe: "Jumamosi sitaweza kuja. Endelea kusoma." Jumamosi iliyofuata, kimya. Nikapiga simu, akajibu kwa ujumbe kwamba ni mzima na ananisalimu. Ananisalimu! Wiki ya tatu niliacha kupiga. Kitabu nikakimalizia peke yangu kitandani. Mshona kofia alingoja miaka kumi na mmoja. Nililia sana, na si kwa ajili yake.

Jumapili mimi hula Cedar Hill, kwa shangazi Jerioth na mumewe, Mjomba Patroba. Wazazi wangu wako Kenya, kwa hiyo hapa Texas hao ndio wazazi. Mjomba ni mzee wa kanisa, pombe haionji kabisa. Ndiyo maana nilishangaa siku niliyoenda gereji kuchukua kiti nikakuta kreti mbili za bia nyuma ya mashine ya kukata nyasi, zimefunikwa shuka.

"Ni za wageni," mjomba alisema, akaanza kunieleza habari za mvua.

Wiki ya tano shangazi alichoka. Alitua sufuria ya mukimo mezani kwa kishindo.

"Baba Lenny, hiyo pombe itatoka lini kwa nyumba yangu? Watu wa fellowship wanakuja Thursday!"

"Si yetu kutupa," mjomba akasema. "Wale wazee Warundi bado hatujawajibu."

Kijiko kilinitoka mkononi. "Wazee gani?"

Walitazamana. Ndipo mjomba akaeleza. Wanaume wawili wa makamo, mmoja akiitwa Darius, walikuja na suti zao na kreti zao, wakazungumza saa nzima kwa Kiswahili kitamu kwamba kijana wao Méthode anaomba kunioa. Mjomba akawaambia watajibiwa.

"Na hukuniambia, Uncle?"

"Nikuambie nini? Kwetu msichana ndiye huambia watu wa nyumbani kwanza, kuna wageni wanakuja. Wewe ulikuwa umenyamaza. Nikafikiria humtaki na unaona haya kusema. Nilikuwa nakungoja wewe."

Na mimi nilikuwa namngoja Méthode, na Méthode alikuwa anamngoja mjomba. Watu wazima watatu, kila mmoja na adabu zake, na bia inapata joto gerejini. Nilicheka hadi machozi, kisha nikachukua funguo za gari.

"Niwaambie nini hao wazee?" nikauliza.

"Waambie warudi," mjomba akasema. "Lakini sasa walete soda."

Ghala hubadilisha shifti saa tisa alasiri. Nilifika saa tisa kasoro dakika nne. Méthode alitoka na wenzake, koti la manjano begani, akasimama ghafla aliponiona.

"Kagendo? Kuna msiba?"

"Kitabu kimeisha." Nikamkabidhi. "Yule dada alingoja miaka kumi na mmoja. Mimi nimengoja wiki tano na siongezi hata siku."

"Na mimi ninangoja," akasema. "Kwetu ukishatuma wazee, hauendi tena kwa binti mpaka wajibiwe. Ningekuja, ingekuwa ninawasukuma wakubwa wako."

"Uncle anasema warudi. Na soda."

"Amekubali?"

"Yeye, ndiyo. Mimi bado."

Uso ukamwanguka. Wenzake wakaacha kuongea, mmoja akazima gari alilokuwa ameshaliwasha.

"Hujaniuliza, Méthode. Umemtuma Darius, umemuuliza Uncle Patroba, hata mashine ya kukata nyasi ina habari. Sasa niulize mimi."

Aliweka chini kibebeo chake cha chakula. Alivua kofia ya kazi. Akanitazama moja kwa moja.

"Kagendo, ninakupenda. Utakubali nikuoe?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. Hata hivyo nilihesabu kwanza moyoni hadi kumi na moja, moja kwa kila mwaka wa yule mshona kofia, naye akingoja kwa adabu zake zote katikati ya maegesho.

Kisha nikasema ndiyo, kwa sauti ambayo shifti nzima iliisikia.