Vioo vya Upande wa Kushoto

Kabla hakujapambazuka, sauti ya maji kwenye ndoo uani ilibadilika ikawa nene, na mfuta vioo wa treni ya mandhari akajua imejaa. Akafunga bomba. Usiku kucha alijigeuza kama aliyelalia kokoto.

Treni ile kuukuu, yenye viti vya mbao na kengele ya shaba, ilipeleka wasafiri kutazama bonde. Miaka sita iliyopita kijiji cha mfuta vioo kiliondolewa bondeni ili mandhari ipendeze. Watu walipakiwa kwenye malori, makaburi yakasawazishwa. Lakini vioo vya kushoto viliendelea kukionyesha kijiji kama kilivyokuwa, hata treni ikiwa imesimama, na wasafiri wakalalamika.

"Wamelipa waone bonde, si mashuka ya watu kwenye kamba," msimamizi alimwambia jana. "Ukishindwa kuwafuta, nitatafuta mwingine."

Kondakta alimpandishia ndoo behewani, akamsogezea kreti la kukanyagia. Mfuta vioo akafuta kwa sabuni, kwa siki, kwa majivu. Kila alivyofuta, kijiji kilizidi kung'aa.

Kwenye kioo cha nne, mama yake mzazi, aliyefariki kabla malori hayajaja, aliacha kuanika akasogea.

"Mbona umekonda hivyo? Unakula wewe?"

"Nakula, mama. Nimeambiwa niwafute."

"Si ufute, mwanangu! Usije ukafukuzwa kazi kwa ajili ya mashuka yangu. Ila hapo kwenye kona umeruka. Tangu utoto wako, kona huzioni."

Akafuta kona. Akatokea mbuzi wa jirani, anatafuna shuka.

Saa mbili msimamizi alipita, akatazama, akaguna. Hakumfukuza. Alileta mapazia mazito yaliyochorwa bonde lenyewe, kijani tupu, akampa nyundo na misumari ayapigilie yeye mwenyewe.

Saa tatu wasafiri walijaa. Waliokaa kushoto waliyapiga picha mapazia, wakasifu utulivu wa bonde.

Mfuta vioo alikuwa bado na msumari mmoja, wa behewa la tatu. Alipouinamia, kioo kikagongwa taratibu upande wa pili.

"Kesho ukipata nafasi, mwanangu, tupitie tena," mama yake alisema nyuma ya pazia. "Na uje umekula."