Hodi ya Tatu

Nimekaa kwenye benchi la mbao nje ya mlango wa Dakta Kyaruzi, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la kilimo, jua la mchana limeniangukia magotini kupitia dirishani, na nimeshapiga hodi zangu tatu. Hakuna aliyeitika. Ndani nasikia kiti kinalia, nasikia vidole vinagonga kompyuta, kwa hiyo mtu yupo, ila karibu haijatoka, na mimi nimelelewa kwamba karibu isipotoka baada ya hodi ya tatu, mtu hugeuza miguu yake akaondoka. Leo siondoki, maana leo sina pa kwenda. Asubuhi Doreen, ninayeishi naye chumba kimoja hosteli, ameniuliza huku anajipaka mafuta: Somoe, una nini na Dakta Kyaruzi? Katangaza darasani kwamba hujawahi kukanyaga ofisini kwake tangu muhula uanze, na leo saa nane idara inakaa. Asiyemwona msimamizi wake anaondolewa kwenye utafiti, na bila utafiti huhitimu, shoga yangu, unafunga mizigo unarudi Rufiji. Nikamwambia nimekwenda kila Jumanne. Umekwenda ukafanya nini? Nimepiga hodi. Doreen akaacha kujipaka mafuta, akanitazama kama mtu aliyeniona na homa. Hodi? Pale unasukuma mlango unaingia, nani alikwambia pale watu wanapiga hodi? Swali zuri hilo. Nani aliniambia? Yeye baba yake ni mhadhiri na mama yake ni mhadhiri, mambo haya kayanyonya pamoja na maziwa. Mimi kwetu ndiye wa kwanza kuvuka sekondari, na hasira iliyonipanda imeninyima hata chai. Sasa nimeambiwa, najua, ila mkono umekwenda kwenye kitasa ukarudi wenyewe. Nitaingiaje kwa mtu kama mwizi? Naegemeza kichwa ukutani. Ukuta una ubaridi mzuri, njaa inanilegeza, kiti cha Dakta kinalia ndani, kinalia, na kope zangu zinashuka.

Ukuta unaachia. Haubomoki, unarudi nyuma taratibu kama mtu anayekupisha njia, nami narudi nao, na ninaposimama najikuta kwenye korido ileile, ila haina mwisho. Milango kulia, milango kushoto, yote ya kahawia, na chini si vigae tena, ni barabara ya vumbi inayokwenda mbele mpaka macho yanachoka. Napiga hodi mlango wa kwanza, kimya. Napiga unaofuata, kimya, na nyuma ya kila mlango kiti kinalia na vidole vinagonga. Nageuka niondoke na adabu zangu, barabara nayo inageuka, naishia mlango uleule niliouacha. Ndipo anapotokea mtu aliyevaa joho la mahafali, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na mahali pa uso pana ngozi tupu, laini, kama sahani iliyooshwa. Shikamoo, namwambia, maana hata asiye na uso ana umri. Marahaba haitoki. Unatafuta nini? ananiuliza, na sauti sijui inatokea wapi. Natafuta mlango wa Dakta Kyaruzi. Mlango ni wa aliye ndani, anasema. Na aliye ndani ni nani? Ni yule aliyeingia. Na anayeingia anaingiaje? Kwa kuwa wa ndani. Namwuliza, mzee wangu, hicho ni kitendawili au ni dharau? Anaanza kutembea, na kwa kuwa barabara inakwenda kwenye nyayo zake na kwangu inajikunja, namfuata, ila namfuata nimekunja uso, nataka ajue.

Tunatembea, au barabara inatembea na sisi tumesimama, na milango inazidi kurefuka mpaka inakuwa majumba, na majumba yanakuwa mji, na mji wote ni vioo. Kuta vioo, madaraja vioo, hata kantini ni kioo, na wanafunzi wanapita humo kwa wingi. Nagundua kwamba vioo hivi havikuonyeshi wewe, vinakuonyesha aliye nyuma yako. Doreen anapita na daftari kifuani, na kiooni baba yake anatembea nyuma yake, mkono begani, anamnong'oneza: hapa kata kushoto, yule mtanie kidogo anapenda utani, huyu usimngoje akuite, sukuma tu uingie. Nyuma yake anapita kijana mmoja na shangazi zake na mjomba wake, wote wananong'ona kwa pamoja mpaka yeye mwenyewe anasema jamani nimesikia. Wala hawajui kwamba wananong'onezwa. Wanadhani wameyajua wenyewe, wanadhani ni akili. Kisha nami nafika mbele ya kioo, na nyuma yangu namwona mama. Nimemwona mgongo tu. Amesimama juu ya dungu, kile kibanda chetu cha miti mirefu katikati ya mpunga, kanga kiunoni, kombeo mkononi, anafukuza kwelea kwelea waliotanda shambani. Mama! naita. Hageuki. Ndege ni wengi, na akigeuka kidogo tu tumelala njaa. Kiongozi wangu anainamisha ile sahani yake kuelekea kioo. Huyu hana mtu, anasema.

Hapo ndipo ninapochemka. Hana mtu? Yule ni mama yangu, Bi Havijawa Mbonde, na mpunga anaoulinda ndio wali unaofukuta hapo kantini kwenu! Unadhani hajaninong'oneza kitu? Tangu sijaota meno ananiambia, Somoe, hata dungu ambalo halina mlango, ukifika chini yake piga hodi, usipande mpaka uitikiwe, maana huko juu huenda mtu anaoga, huenda mtu kavua nguo apate upepo, huenda mtu analia na hataki kuonekana. Ukipiga mara ya tatu kukawa kimya, mwachie mtu kimya chake, ondoka, utakuja siku nyingine. Hayo ndiyo niliyonong'onezwa, na ni mambo mazuri, na mji mzima huu wa vioo hakuna mwenye nusu ya adabu hizo. Na nyie kwa adabu hizo mnanifukuza! Sauti yangu inapiga ukuta huu na kurudi kutoka ukuta ule, inarudi ikiwa na lafudhi yangu ya Kindengereko, ileile wanayoigiza kwenye semina nikifungua mdomo, na wanafunzi wanageuka wanacheka. Nawaangalia mmoja mmoja mpaka wanaacha. Kiongozi anangoja nimalize, kisha anaendelea na safari kana kwamba kilichopita ni upepo.

Mwisho wa mji kuna ukuta mrefu wenye milango tena, na chini ya kila mlango kuna mtu amekaa. Nilidhani niko peke yangu duniani, kumbe tuko hivi. Wengine wamejifunga shuka za wafugaji, wengine wana sare za shule za kata zilizopauka, wengine wamepakata viatu vyao wasivichakaze. Wote wanatazama vitasa. Naketi karibu na mmoja mwenye ndevu nyeupe kabisa, ingawa shingoni ana tai ya mwaka wa kwanza. Anasema anaitwa Chitete, katoka Tunduru, kaja hapa akiwa kijana. Sauti yake inakwaruza, ni ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi. Umekaa ukingoja nini, baba? namwuliza. Nangoja karibu, anasema. Nimepiga hodi, nikaona niondoke, halafu nikakumbuka kijiji kizima kilichonisindikiza, nikakaa. Na wenyewe huko ndani wanasemaje? Anacheka bila meno. Wananiita mtoro, dada yangu. Kila mwaka wanatangaza humo ndani, Chitete mtoro, nami namsikia mtangazaji, tumetenganishwa na ubao tu. Nainuka nikamkabili asiye na uso. Hivi nyie mna kichaa? Mtoro ni mtu aliyekimbia. Huyu kazeekea mlangoni kwenu, mtamwitaje mtoro? Naye ananijibu kwa ile sauti isiyo na mahali: aliye nje hayupo. Rudia, namwambia. Aliye nje hayupo. Ningekuwa na kitu mkononi ningekitupa kwenye ile sahani. Badala yake machozi yananitoka, machozi ya hasira yanayochoma, na yanapoanguka chini vumbi linalowa, linakuwa tope, tope linapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, na ukuta na milango vinazama humo polepole. Ninapofuta macho nimesimama katikati ya mpunga wa kwetu.

Dungu hili hapa. Hodi! naita kutoka chini, na sijamaliza neno mama ameshaitika, karibu, karibu mwanangu, panda. Napanda ngazi na miguu yenye tope. Safari hii amegeuka, namwona uso, na mikunjo yake yote ipo mahali pake. Mbona hodi yako imekauka hivyo? ananiuliza. Nimeipiga sana huko, mama, hawaitiki. Anashusha kombeo. Watu gani hao? Hata mtu mliyegombana naye akipiga hodi unamwitikia, ugomvi mtaendelea nao ndani. Nakuambia hawaitiki, na wanasema sikwenda. Anakasirika mpaka kidevu kinamtetemeka, na mimi nafarijika kumwona kakasirika, nilikuwa nadhani hasira hii naibeba peke yangu. Nifanye nini? Nisikudanganye, Somoe, ya huko siyajui. Adabu niliyokupa ni ya watu wanaoitikiana. Hao ndege unaowaona, nikiwapigia hodi wataondoka? Mpunga wangu ukiliwa napiga kelele, basi, na jasho lote hili nimelitoa, siwezi kuona haya mbele ya ndege. Anavuta pumzi na kupiga ule ukelele wake unaovuka mto, nami navuta pumzi nikapiga naye, kama nilivyokuwa nafanya nikiwa mdogo. Kwelea kwelea wananyanyuka wote kwa mara moja, shamba zima linanyanyuka, wanaziba jua, giza la mabawa linatufunika na dungu linayumba. Somoe, shika mti! anasema mama. Nanyoosha mkono gizani nishike.

Nilichoshika ni cha chuma, na ni cha baridi. Ni kitasa. Nimesimama, sikumbuki kuinuka kwenye benchi, korido ina mwisho wake na dirisha lake, jua limehama magotini kwangu liko ukutani. Nakishusha kitasa nikasukuma mlango. Ndani kuna dirisha kubwa nyuma ya meza, na mwanga unaotoka huko ni mkali kiasi kwamba mtu aliyekaa namwona umbo tu, mabega, na nyaya za kusikilizia muziki zinazoshuka kutoka masikioni. Shikamoo, Dakta. Anavua nyaya. Marahaba. Wewe nani? Somoe Mbonde. Ahaa, anasema, mtoro wangu. Mimi si mtoro, Dakta. Nimekuja hapa kila Jumanne. Hapana, sijakuona. Nilipiga hodi. Ukapiga hodi, halafu? Halafu hukuitika. Anacheka, kicheko kifupi, kisha hakiendelei. Lakini wanafunzi wote wanaingia tu, anasema. Si wote, Dakta. Wanaingia walioambiwa. Mimi nani aliniambia, siku gani, kwa mdomo upi? Utafiti wangu ni wa kwelea kwelea, nimewafukuza tangu najua kutembea, nina mambo yamenijaa mpaka hapa shingoni nilitaka kukueleza, na umeniacha nje muhula mzima umeziba masikio. Sauti yangu ni kubwa, lafudhi yangu ipo yote, na siipunguzi. Kaa basi, anasema taratibu, kikao hakijaanza, nitawaambia idara umekuja leo. Sikai. Sikuja leo. Waambie nilikuwepo. Kiti kinalia. Anainua simu ya mezani, anabonyeza, anangoja, kisha anasema: huyu Mbonde msimwondoe. Alikuwepo. Mimi ndiye sikusikia.

Sasa nakaa. Ilitakiwa nifurahi, na nadhani nimefurahi, ila namtafuta uso wake na siupati. Anainama kuchukua kalamu, mwanga unainama naye. Anageukia kompyuta, mwanga unageuka. Nasema moyoni, ni dirisha tu, Somoe, ni jua la saa nane. Natazama miguu yangu, ina tope, lakini nimepita uwanjani asubuhi na usiku wa jana mvua ilinyesha, au sijui kama ilinyesha. Haya, anasema, nieleze habari za ndege, na kwa mazoea mkono wake unarudisha waya mmoja sikioni. Na hapo nje ya mlango mtu anasema hodi. Ni sauti ya chini, inakwaruza, ni ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi. Namtazama Dakta. Hajainua kichwa. Hodi, inasema tena, imepungua nguvu kidogo, na mimi naijua hesabu hii kuliko mtu yeyote katika jengo hili, najua imebaki moja na baada yake ni miguu inayogeuka. Simngoji mwenye ofisi. Kama naota naota, kama nimeamka basi, najaza kifua kama niko juu ya dungu na mpunga wote unaliwa. Karibu! naita, mpaka Dakta anaruka kwenye kiti. Karibu, baba, ingia, tupo! Na kitasa kinaanza kushuka.