Matundu Mawili ya Sindano

Slaidi iliyoletwa kutoka Chamwino ilipakwa nene mno. Restuta, fundi wa maabara ya mifugo mjini Dodoma, aliiweka chini ya hadubini Jumanne moja asubuhi, mwaka 1994, akaona ukungu wa zambarau tu. Nyingine haikuwepo. Ng'ombe aliyetolewa majimaji ya tezi alikwisha kufa na kuzikwa, na mwenye ng'ombe, mzee Nikodemo, alikuwa benchini nje akingoja jibu. Zizini walibaki kumi na mmoja, wawili tezi zimevimba.

"Andika haisomeki," alisema mkuu wake, Daktari Bartolomayo. "Hata majani yenye sumu huua."

Restuta alitoka nje. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmemwona mdudu?"

"Bado. Naomba unipe mpaka jioni."

"Mimi nitangoja. Ng'ombe ndio sijui."

Restuta alirudi ndani, akakumbuka somo moja la chuoni. Mwalimu alisema zipo hadubini zinazomulika nukta moja tu kwa wakati, kisha zinazuia mwanga unaotoka juu na chini ya nukta hiyo, maana huo ndio unaoleta ukungu. Mashine yenyewe hakuwahi kuiona.

Alitwaa karatasi nyeusi iliyofungiwa filamu za eksirei, akakata duara mbili, akazitoboa kwa ncha ya sindano ya kushonea. Moja akaiweka juu ya taa, ya pili ndani ya lenzi ya jicho. Alihangaika karibu saa nzima mpaka matundu yakaelekeana. Kilichobaki kilikuwa doa dogo, la giza giza, lakini lenye kingo. Alichora alichokiona, akasogeza slaidi unywele mmoja, akachora tena. Chakula cha mchana kilimpita. Shingo ilimkakamaa. Saa tisa alikuwa na karatasi nne za seli zilizojaa chembe kama punje za uwele.

"Mbona giza?" Daktari aliuliza, jicho kwenye lenzi.

"Sogeza polepole, Daktari."

Alisogeza. Akatazama michoro, akarudi kwenye lenzi.

"Ndigana kali," alisema. "Nani kakufundisha hivi?"

"Nimejaribu tu."

Josho la kijijini kwa Nikodemo lilikuwa limekauka tangu dawa ya kuogeshea iachiwe wafanyabiashara, na kupe, wanaoeneza ndigana, walijilia watakavyo. Dawa ya sindano ilipatikana katika duka la mtu binafsi karibu na soko. Mzee akaondoka nayo kwa basi la jioni. Kati ya wale wawili wagonjwa, mmoja alikufa kesho yake. Mwingine alipona. Tisa waliosalia waliogeshwa kwa bomba la mkono, wala hawakuugua.

Ripoti ilikwenda mkoani na jina la Daktari peke yake. Restuta aliisoma, akagonga muhuri, akafunga bahasha. Wiki iliyofuata alitoboa tundu dogo kuliko yale ya kwanza, akitaka picha kali zaidi. Hakuona kitu ila giza. Akaanza kutafuta sindano nene kidogo.